Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno haya husemwa kwa furaha mgeni abishapo hodi, maana kuja kwake huleta kitoweo ambacho jana hakikuwapo, na habari ambazo hazijasikika, na pengine dawa ya ugonjwa uliowashinda watu wa nyumbani. Lakini methali hiyo yataja watu wawili, na yaeleza kupona kwa mmoja tu. Mgeni akija, mwenyeji apona. Je, mgeni akiugua, nani amponye? Swali hili si la mzaha. Ni swali la haki na wajibu, nami nataka tulitazame pamoja kwa msaada wa mchezo wa televisheni uliotungwa mbali na kwetu, katika nchi ya Japani.

Mchezo huo waitwa Dr. Koto Shinryojo, yaani Zahanati ya Daktari Koto. Asili yake ni hadithi ya picha iliyochorwa na Takatoshi Yamada, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2000. Shirika la Fuji Television lilionyesha mchezo huo mwaka 2003, likauendeleza mwaka 2006, na mwaka 2022 ikatoka filamu iliyosimulia mambo ya baadaye. Kisiwa kinachotajwa humo, Shikina, hakimo katika ramani yoyote. Ni cha kubuni. Picha zake zilipigwa Yonaguni, kisiwa kidogo kilicho magharibi kabisa mwa Japani, kiasi cha kilometa 110 tu kutoka Taiwan. Mimi niliuona kwa mwalimu mwenzangu, ukiwa na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Nilidhani ningetazama kwa saa moja ili kupumzisha akili. Badala yake niliondoka na mzigo wa mawazo, na insha hii ndiyo njia yangu ya kuutua.

Kisa chenyewe ni hiki. Daktari kijana wa upasuaji aitwaye Kensuke Goto anaacha hospitali kubwa ya Tokyo, anaingia katika mashua ya mvuvi na kwenda kisiwani kufungua upya zahanati. Bahari inamtesa, naye anafika amelegea kwa kichefuchefu, kiasi cha kuwafanya watu wajiulize kama ni daktari amekuja au ni mgonjwa ameletwa. Watu wa kisiwa hawamwamini. Wamekwisha kuona madaktari waliokuja na kuondoka, nao wamezoea kusafiri saa sita kwa mashua kwenda kutafuta tiba kwingine. Kwa hiyo zahanati inafunguliwa, na hakuna aingiaye.

Siku moja mtoto wa yule mvuvi anashikwa na ugonjwa wa kidole tumbo. Baba yake, ambaye alifiwa na mkewe na tangu hapo hana imani na madaktari, anakataa mwanawe asiguswe na mgeni huyu. Anamtia mtoto katika mashua na kuelekea hospitali ya mbali. Katikati ya safari hali yazidi kuwa mbaya. Hapo baba hana budi kuchagua baina ya chuki yake na uhai wa mwanawe. Anaisimamisha mashua, na daktari anampasua mtoto hapo hapo baharini. Mtoto anapona. Baadaye anatengeneza bendera ya zahanati, lakini anakosea jina la daktari: badala ya Goto anaandika Koto. Daktari hasahihishi kosa hilo. Analikubali jina alilopewa na mtoto, na bendera inapepea.

Yawezekana mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya michezo tu, na kwamba duniani hakuna mtu wa namna hiyo. Asemaye hivyo amekosea. Hadithi ile ilipata mfano wake kwa mtu halisi, Kenjiro Setoue, daktari wa upasuaji. Mwaka 1978 alifika katika kisiwa cha Shimokoshiki, mkoa wa Kagoshima, akikusudia kukaa nusu mwaka. Nusu mwaka ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka kumi, na alipostaafu mwaka 2017 alikuwa amekitumikia kisiwa hicho kwa miaka 39. Watoto aliowatibu walikua wakawa wazazi, nao wakamletea watoto wao.

Twasomapo habari kama hizi, jambo la kwanza moyoni ni kusifu. Na kusifu kwahitajiwa, maana jamii isiyosifu wema hukosa wema. Lakini sifa ni jambo jepesi. Haina gharama kwa asifuye. Baada ya kusifu yatupasa kuuliza: Je, daktari yule alikuwa na wajibu wa kwenda kisiwani, au alitoa zawadi? Tofauti baina ya mambo haya mawili ni kubwa. Asiyelipa deni hulaumiwa. Asiyetoa zawadi halaumiwi. Kama kwenda kisiwani ni deni, basi kila daktari abakiye mjini ni mdaiwa mkaidi. Na kama ni zawadi tupu, basi mgonjwa wa kisiwani hana la kudai. Akipata daktari ashukuru, akikosa anyamaze na afe. Naona majibu yote mawili yana kasoro.

Tulitazame la kwanza. Wako wasemao kwamba elimu ni deni, na kwa kweli neno hili lina nguvu. Hakuna mtu ajifunzaye udaktari kwa juhudi zake peke yake. Shule ilijengwa na wengine. Vitabu viliandikwa na wengine. Wagonjwa waliomfundisha walivumilia mikono yake ilipokuwa bado haijazoea kazi. Mkulima asiyejua kusoma alilipa kodi, na katika kodi hiyo mlikuwamo sehemu ya karo ya mtu ambaye huenda asimwone kamwe. Kwa sababu hiyo, mwenye elimu asemaye kwamba hana deni kwa mtu yeyote asema uongo, ingawa pengine hajijui kuwa mwongo.

Hata hivyo, deni la watu wote halidaiwi kwa mtu mmoja. Wanakijiji kumi wakila karamu pamoja, si haki mmoja wao akamatwe peke yake alipe gharama yote kwa kuwa ndiye aliyekaa karibu na mlango. Daktari ana deni, na ni kweli. Lakini mwenzake aliyebaki mjini analo pia, na serikali iliyowasomesha wote wawili inalo, na watu wa kisiwa wenyewe wanalo. Yule Goto alibeba mzigo wa wengi. Na ubebapo mzigo wa wengi, sehemu moja ni deni lako, na sehemu iliyobaki ni zawadi.

Zaidi ya hayo, daktari si malaika. Mchezo wenyewe haukuficha jambo hili, na hilo ni jambo lililonipendeza. Goto hakuondoka Tokyo akiwa na moyo mweupe usio na doa. Alikuwa na jeraha, kwa sababu msichana mmoja mgonjwa alikufa hospitalini alipokuwa akifanya kazi. Habari hiyo inapofichuka kisiwani, watu waliokuwa wamemwinua juu wanatikisika. Hapo twajifunza kwamba mtu tukimpandisha mahali pa malaika, tunamwandalia anguko. Siku tuonapo kwamba naye ni mwanadamu, twamkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyetudanganya, kumbe tulijidanganya wenyewe. Kumheshimu mtu ni kujua kwamba aweza kuchoka, kukosa na kuugua, kisha kuishi naye kwa kadiri ya ujuzi huo.

Na kuugua ndiko kunakoonyeshwa katika filamu ya mwaka 2022. Miaka karibu ishirini imepita. Daktari amekwisha kuwa mwenyeji. Ameoa muuguzi wa zahanati, nao wanatazamia mtoto. Lakini ana saratani ya damu. Anajua jinsi alivyo mgonjwa, na bado haelekei kuutua mzigo. Kisha tufani inakipiga kisiwa, majeruhi wanaijaza zahanati, na macho yote yanamtazama mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe angestahili kulazwa kitandani. Pale ndipo methali yetu inaporudi na kusimama mbele yetu kama shahidi. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona. Sasa mgeni anaumwa. Nani amponye?

Hapa nitasema jambo langu mwenyewe, kwa sababu haifai kuwahukumu watu wa kisiwa cha mbali huku nikijiacha nje ya hukumu. Nilipohitimu chuo cha ualimu nilipelekwa katika shule moja iliyo mwisho wa barabara. Baada yake hapana ila njia ya miguu. Nilikuwa peke yangu niliyefundisha hisabati katika madarasa ya juu. Mwaka wa kwanza nilifundisha vipindi vyangu. Mwaka wa pili nilifundisha vyangu na vya mwenzangu aliyehama. Jioni niliwafundisha waliobaki nyuma, na Jumamosi nikawafundisha waliokaribia mtihani. Wazazi waliniletea mahindi mabichi na kuku, wakaniita mwana wao. Niliona fahari kubwa, wala sikulalamika hata siku moja.

Mwaka wa tano mama yangu aliugua, nami nikaomba uhamisho ili niwe karibu naye. Siku ya kuagana msichana mmoja wa darasa la saba alinifuata hadi kituo cha matatu akiwa amenibebea mfuko. Akaniuliza, "Mwalimu, sasa nani atatufundisha hisabati?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia ajitahidi. Gari liliondoka, na swali lile likasafiri nami. Mpaka leo halijashuka.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kosa langu lilikuwa kuondoka. Sasa naona sivyo. Mama yangu naye alikuwa mtu, na alikuwa na haki kwangu. Kosa langu, ikiwa nilikuwa nalo, lilitangulia kuondoka kwangu: nilifanya kazi ya watu watatu kwa ukimya, na ukimya wangu ukawafundisha wote kwamba mtu mmoja atosha. Mwalimu mkuu hakuandika barua kuomba mwalimu wa pili, kwa kuwa masomo yalikuwa yakiendelea. Wazazi hawakuuliza mkutanoni, kwa kuwa matokeo yalikuwa mazuri. Mimi mwenyewe sikusema, kwa kuwa nilipenda kuhitajiwa. Naam, na tulikiri hilo: miongoni mwa vishawishi vya mtu mwema kimo hiki cha kupenda kuwa nguzo ya pekee. Nguzo ya pekee husifiwa sana, lakini siku ivunjikapo nyumba yote huanguka.

Kwa hiyo naona kwamba wema wa mtu mmoja, usiposhirikiwa na wengine, waweza kuficha upungufu ambao ungefaa kuonekana. Hii haina maana kwamba wema ni mbaya. Maji yakivuja chini ya boti, mtu ayakumbaye kwa ndoo afanya vizuri sana, na bila yeye wote wangezama. Lakini ikiwa abiria wengine watamtazama tu na kumwimbia sifa, pasiwe na atafutaye tundu ili alizibe, basi sifa zile ni namna ya uvivu. Siku mikono yake itakapochoka watazama wote pamoja, huku wakimlaumu kwa kuchoka.

Wahenga walisema pia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kuwaonya wageni wavivu. Lakini haikusema kwamba mgeni akishapewa jembe, mwenyeji naye aweke lake chini na kulala. Jembe la mgeni ni la kuongezea majembe yaliyopo shambani. Shukrani ya kweli kwa daktari aliyekuja kisiwani si nyimbo wala samaki wabichi peke yake, ingawa samaki wabichi ni kitu kizuri. Shukrani ya kweli ni kuushika mzigo kwa upande wa pili.

Na jambo hili lawezekana. Wajapani wenyewe, ambao hupenda sana hadithi ya daktari wa pekee, hawakuridhika na hadithi. Mwaka 1972 mikoa ya nchi ile ilishirikiana kuanzisha chuo cha udaktari kiitwacho Jichi, kwa ajili ya mahali pasipo na madaktari. Kila mkoa hupata nafasi ya wanafunzi wake. Mwanafunzi hukopeshwa gharama za masomo yake ya miaka 6. Akifuzu hurudi kuutumikia mkoa wake kwa kiasi cha miaka 9, na baadhi ya miaka hiyo katika visiwa, milima na vijiji vya mbali. Akitimiza ahadi yake, deni hufutwa. Tazameni tofauti. Hapa hakuna anayengojewa ashuke kutoka mbinguni. Deni linajulikana, mwisho wake unajulikana, na baada ya huyu atakuja mwingine. Kijana wa namna hiyo aweza kutumikia kwa moyo safi, kisha akaondoka kwa moyo safi. Na akipenda kubaki miaka 39, kubaki kwake kutakuwa zawadi kweli kweli, wala si mtego.

Sisi nasi hatuna budi kulifikiri jambo hili. Kenya ina visiwa vyake, katika bahari ya Lamu na katika ziwa Victoria, na ina vijiji vya nchi kavu vilivyo mbali na hospitali kama visiwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana, na kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Neno lililotumika pale ni haki. Haki ya watu wote haiwezi kutundikwa katika shingo ya mtu mmoja mwenye huruma. Kama mgonjwa wa kisiwani apona kwa bahati ya kupata daktari mwema, ashukuru Mungu. Lakini sisi wengine tusidhani kwamba tumetimiza wajibu wetu.

Nirudi kwa yule mtoto wa mvuvi aliyetengeneza bendera. Baada ya kupona alitamani kuwa daktari kama yule aliyemponya, na baba yake alijitaabisha sana kwa ajili ya masomo hayo. Mngetazamia kwamba katika filamu atarudi na koti jeupe, amwambie mgonjwa, "Sasa pumzika, zamu yangu imefika." Sivyo ilivyo. Alikwenda masomoni, na masomo hayakutimia. Kwanza nilihuzunika nilipoona hivyo, nikasema moyoni kwamba mtungaji angetuhurumia. Kisha nikaona kwamba ametuambia kweli. Si kila aliyeponywa aweza kuwa mponyaji wa aina ile ile. Lakini hakuna asiyeweza kitu. Usiku wa tufani wahitajiwa pia watu wa kubeba machela, wa kuwasha taa, wa kuchemsha maji, wa kumshika mkono mzee anayeogopa. Na siku za utulivu wahitajiwa watu wa kusimama mkutanoni na kuuliza, "Kwa nini tuna daktari mmoja tu?"

Ninyi msomao insha hii mtatawanyika baada ya miaka michache. Wachache watakuwa madaktari, wengine walimu, wakulima, makarani, wafanyabiashara. Huenda mmoja wenu akaitwa mahali pa mbali, naye akaenda. Kwake nasema: nenda, na ukifika fanya kazi kwa moyo wote, lakini usinyamaze mzigo unapozidi nguvu zako, kwa maana kunyamaza kwako kutawadhuru hata wale uwapendao. Wengi hawatakwenda, na hao siwalaumu kwa kubaki. Kwao nauliza tu: aliyekwenda kwa niaba yenu, mnamsaidia kwa njia gani?

Yule msichana aliyenibebea mfuko hadi kituoni sasa ni mtu mzima. Sijui kama alipata mwalimu mwingine wa hisabati mwaka ule. Kama ningemwona leo nisingemwambia ajitahidi. Alikuwa akijitahidi tayari. Ningemwambia kwamba swali lake lilikuwa la haki, na kwamba lilipaswa kuulizwa miaka minne mapema, na mimi, mbele ya wote, nikiwa bado nimeshika chaki mkononi.